Wodi nzima inapumua mara 20?

Ndugu Mhariri,

Kila ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) mpya ikizinduliwa, gazeti lako hutuletea picha ya utepe ukikatwa na mashine zinang'aa nyuma. Mashine hizo sina ugomvi nazo. Ninachouliza ni nani anamwangalia mahututi aliyelazwa wodi ya kawaida, maana huko ndiko waliko wengi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la The Lancet ulipita hospitali 180 katika nchi 22 za Afrika. Karibu mgonjwa mmoja kati ya wanane waliolazwa alikuwa mahututi, na takriban theluthi mbili ya mahututi hao walikuwa wodi za kawaida. Mahututi mmoja kati ya watano alifariki ndani ya siku saba.

Mimi ni muuguzi mstaafu, na takwimu hizo hazikunishangaza. Juzijuzi nilikwenda kumjulia hali shemeji yangu katika hospitali moja ya hapa mjini. Kijana wa kitanda cha jirani alikuwa anahema, mabega yanapanda na kushuka, pua zinatanuka, akianza kusema hamalizi. Nikaichungulia chati yake. Presha imeandikwa, joto limeandikwa. Safu ya upumuaji: 20, 20, 20, juu mpaka chini. Ya shemeji nayo 20. Wodi nzima inapumua kwa amri moja kama gwaride! Nikatazama saa, nikahesabu dakika nzima: 36. Muuguzi wa zamu, binti aliyeachiwa wodi peke yake, akakimbia wodi ya pili kuazima kipimo cha kubana kidoleni, kile kinachopima oksijeni kwenye damu. Kikasoma asilimia 84, chini mno. Ndipo oksijeni ikaletwa.

Binti yule simlaumu. Huku anagawa dawa, huku dripu zinaisha, huku ndugu wa wagonjwa wanamwita. Lakini pumzi huwa inabadilika mapema, wakati presha bado inatudanganya kuwa mambo ni shwari, na kuihesabu hakutaki umeme wala mkandarasi.

Mwaka 2021 wataalamu wa nchi mbalimbali, Watanzania wakiwamo, walikubaliana huduma 40 za msingi ambazo mahututi anastahili popote alipolazwa: atambuliwe mapema, apewe oksijeni, asiyejitambua alazwe ubavu, msaada uitwe. Mashine ya kupumulia haimo.

Muhimbili ilifungua idara yake ya dharura mwaka 2010, na tangu hapo mapokezi ya wagonjwa wa dharura nchini yamepiga hatua, hilo nalisema kwa furaha. Tatizo ni baada ya mapokezi, mgonjwa akishapandishwa wodini.

Kwa hiyo waandishi wako wakialikwa tena kwenye uzinduzi, wapite na wodi za kawaida. Waulize kila wodi ina kipimo chake cha kidoleni au wanaazimana. Usiku muuguzi mmoja anaangalia wagonjwa wangapi? Na mtungi wa oksijeni ukiisha saa nane za usiku, ufunguo wa stoo anao nani?

Muuguzi mstaafu,
Mbagala, Dar es Salaam