Kabla hujarudi kwa line

Mama Zawadi mpenzi,

Habari za Changamwe, mtoto anaendeleaje? Umeniambia likizo yako ya uzazi inaisha wiki ijayo, unarudi kwa line ya kushona na roho iko juu juu, nikaona nikuandikie haraka juu huyu wangu wa kwanza nilishindwa kumnyonyesha vizuri na sitaki upitie hiyo njia.

Unajua huku kwa viwanda vya nguo Athi River mambo yote ni tageti, ile idadi ya vipande lazima utoe. Nilikuwa nashona kola, ukiacha mashine dakika kumi vipande vinajazana kwa meza yako na mwenye anakufuata kwa line anakaa bure akikuangalia. Basi nikawa sitoki. Kifua kinauma mpaka nasikia homa, leso nimekunja ndani ya sidiria na bado maziwa yanapita mpaka kwa aproni, na nikitoka kukamua ni chooni, namwaga kwa sinki. Matiti yasipotolewa maziwa nayo yanaacha kutengeneza, mtoto kufika miezi mitano yakawa yamekauka kabisa. Nililia sana.

Sasa sikiza. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017, kifungu cha 71 na 72, inasema mwajiri aweke chumba cha kunyonyesha chenye pa kunawa mikono, friji, soketi, meza ndogo na viti vizuri, na kisiwe chooni. Tena upewe muda, jumla isizidi saa moja kwa kila masaa 8 ya kazi, mbali na lanchi. Wenzetu Tanzania sheria yao inafika masaa 2 kwa siku!

Lakini chumba peke yake hakitoshi, na hii ndio imenifanya nikuandikie. Kiwanda niko saa hii chumba kipo, kisafi, na miezi ya kwanza hakuna mama aliingia juu tageti ilikuwa ile ile. Mambo yalibadilika siku supavaiza alikubali kupunguza vipande vya mwenye ananyonyesha na kuweka mtu wa kushika mashine yake. Kwa hivyo ukiongea na HR usiulize chumba tu, uliza nikitoka vipande vyangu vitahesabiwaje, na waandike. Enda na shop stiwadi, yule mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, usiende pekee yako.

Na anza kukamua sasa, mtoto azoee kikombe mapema. Kwa friji maziwa yanakaa mpaka siku 4, nje ni masaa 4, na hilo joto lenu la Mombasa usingoje hata hayo masaa yafike.

Nipigie Jumapili jioni uniambie wamesemaje.

Wako,
Mama Baraka