Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Ya fedha mtayasikia kwa mweka hazina. Mnaodaiwa ada mnajijua. Mimi nina moja tu, nalo ndilo lililotuchosha walimu mwaka mzima: kupimwa kazi yetu.

Mwaka huu tumejifunza PEPMIS, mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi wa umma Tanzania, uliochukua nafasi ya OPRAS, ule wa fomu za karatasi. Sisemi OPRAS ilikuwa tamu. Nani hakumbuki fomu za Juni, malengo na matokeo yakiandikwa siku moja kwa kalamu ileile? Sasa majukumu yanaingizwa mtandaoni na msimamizi anathibitisha. Wenzetu ambao shuleni kwao mtandao ni wa kuvizia wanamlipa kijana wa steshenari awajazie. Kijana hajui hata somo gani linafundishwa, ila kazi yake ni safi na alama zinakuja.

Mimi mwenyewe nimepewa alama nzuri na mtu ambaye hakukanyaga darasani kwangu. Nilifurahi, halafu nikaona haya. Maana yupo mwenzetu wa darasa la kwanza mwenye watoto zaidi ya mia, wakati uwiano unaotakiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Amewapokea hawajui kushika penseli, sasa wanasoma silabi. Sifa inakwenda kwa wa darasa la saba, kwa sababu huko ndiko kwenye mtihani. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, lakini huku kwetu orodha bado zinabandikwa ukutani, na wa mkiani anaitwa kujieleza.

Kamati iliomba kwamba asitoe alama mtu ambaye hajakaa darasani kipindi kizima. Tulijibiwa kuwa watu hawatoshi. Basi tukaanza wenyewe, kupitia jumuiya zetu za ujifunzaji, yaani vikundi vya walimu wanaojifunza wao kwa wao, kuingia katika vipindi vya wenzetu. Wengi waligoma: "Unakuja kunipeleleza?" Nami nilisita. Aliyekaa nyuma ya darasa langu aliniambia jambo moja: maswali yangu yote nawauliza watoto wa madawati ya mbele. Miaka yote hiyo hakuna fomu iliyowahi kuniambia hivyo.

Hatukuandika alama yoyote, na kilichosemwa hakikupelekwa ofisini. Naomba tubaki hivyo.

Shule zinazotaka kuanza kutembeleana darasani Januari zimpe katibu majina leo, kabla ya chai.