Barua kwa wanafunzi wa fiziotherapia mnaokwenda kuhudumia walioumia uti wa mgongo

Wanangu,

Nimesikia mnaanza mafunzo kwa vitendo, na baadhi yenu mmepangiwa wodi za Mbeya na Iringa, ambako mtakutana na watu waliopooza baada ya kuumia uti wa mgongo. Nimestaafu kazi hii lakini haijanitoka moyoni, ndiyo maana nawaandikia. Jambo langu ni moja: tangu siku ya kwanza unapomgusa mgonjwa wa aina hii, fikiria nyumba atakayorudi. Wodini atakaa wiki au miezi. Nyumbani ndiko atakakoishi, na huko kinachomwondoa mapema mara nyingi ni kidonda kilichooza au figo zilizoharibika, si ile ajali yenyewe.

Mtawakuta madereva wa bodaboda, wapasua mbao wa Mafinga, watu walioanguka kwenye miti ya parachichi kule Rungwe na Njombe, abiria wa ajali za barabara ya TANZAM. Wengine hawakuanguka popote. Kifua kikuu ndicho kilichokula pingili zao. Someni faili kwanza, na muulizeni daktari kama mgongo umeshatulia. Kama hujapata jibu, usimkalishe mtu. Na kabla ya kumfunua shuka, msalimu. Aliye sawa na baba yako mwamkie, mweleze unachotaka kufanya, usubiri akubali.

Sasa ngozi, na hapa nitakaa kidogo. Sisi tukikaa mno tunaumia, tunajigeuza bila hata kufikiri. Yeye hapati taarifa hiyo. Vitabu vingi mnavyosoma vinasema tafuta wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani. Tafuta mahali palipokoza rangi kuliko pembeni yake, kisha pitisha mgongo wa kiganja chako. Pakiwa na joto, pagumu au pamevimba, pameanza kuharibika hata kama hapajachubuka. Angalia mfupa wa chini ya kiuno, mifupa ya kukalia, nyonga, vifundo na visigino. Fanya kila siku mbele ya ndugu anayemuuguza, na baada ya siku chache mwachie yeye afanye huku wewe ukitazama. Mgonjwa mwenyewe mpe kioo ajiangalie.

Kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Daktari Ludwig Guttmann alipofungua kituo chake Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, wagonjwa hawa walikuwa wanahesabiwa kama watu wa kufa tu. Kuwageuza bila kukosa saa na kulinda kibofu kulichangia sana kubadilisha hali hiyo, na hakuna kati ya hayo kinachohitaji mashine. Akishaanza kukaa kwenye kiti mwendo, mfundishe kuinama mbele, kifua kikaribie magoti, abaki hivyo kama dakika mbili, arudie kila nusu saa au mapema zaidi. Kujiinua kwa mikono kila mara kunachosha mabega, na mabega hayo ndiyo miguu yake sasa.

Kisha kuna baridi yetu. Juni na Julai huku juu, ndugu mwenye upendo humwekea mgonjwa chupa ya maji ya moto miguuni, au husogeza jiko la mkaa karibu na kitanda. Mgonjwa hahisi kitu. Asubuhi ngozi ya mguu imebabuka, na kidonda hicho kinaweza kuchukua miezi kupona. Waambieni hili kabla hawajaondoka hospitali, hata kama ni Januari. Soksi na blanketi vinatosha, na mkaa usilale ndani ya chumba kilichofungwa.

Hatari nyingine lazima muijue kama majina yenu. Aliyeumia kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu anaweza kupandisha presha ghafla kwa sababu ya kitu kidogo: mpira wa mkojo umejikunja, choo kimegoma, nguo imebana. Huitwa disrefleksia ya otonomiki. Atalalamika kichwa kinapasuka, uso utatoka jasho, mapigo ya moyo yanaweza kushuka. Usimlaze. Mkalishe wima, legeza nguo zote, fuata mpira wa mkojo kwa mkono wako kutoka mwilini hadi kwenye mfuko, huku mwenzako akimwita daktari au nesi. Wengi wa watu hawa presha yao ya kawaida ni ndogo, namba ya juu ikiwa tisini au mia moja. Ukikuta mia na arobaini usiseme ni nzuri.

Kwa walioumia shingo, tazameni vidole. Aliyeumia kwenye pingili ya sita mara nyingi anaweza kuinua kifundo cha mkono, yaani pale kiganja kinapoungana na mkono, na akiinua, vidole hujikunja vyenyewe. Kwa mkunjo huo atashika kikombe. Shangazi yake, kwa nia njema, anakaa pembeni akimchua na kumnyoosha vidole siku nzima. Mwelezeni kwa upole asinyooshe vidole huku kiganja kikiwa kimeinuliwa, kwa sababu kano zikivutika mno, mshiko ule unapotea. Mwonyesheni: kiganja kikiinuka, vidole viachwe vikunje.

Kuna swali mtakaloulizwa na kila mmoja: nitatembea? Siku za mwanzo uti wa mgongo huwa kwenye mshtuko, na hakuna anayeweza kusema kwa hakika. Usimwambie utatembea ili umfariji. Familia huuza ng'ombe na shamba kwa neno kama hilo. Usimwambie pia imekwisha. Sema, "Baba, leo siwezi kukuambia. Tutakupima tena. Ninachokiona leo ni kwamba mikono yako ina nguvu, tuanze nayo." Maswali ya unyumba nayo yatakuja, mara nyingi kwa sauti ya chini. Msicheke wala msikwepe. Mwanamke aliyepooza anaweza kubeba mimba na kuzaa, na ana haki ya kulijua hilo.

Wiki kadhaa kabla ya ruhusa, kaeni na ndugu mchore nyumba kwenye karatasi. Choo kiko umbali gani, na njia ina mteremko? Mvua za Tukuyu zikinyesha, tairi litapita? Mlango una upana gani? Kiti kinahitaji kama sentimita themanini. Choo cha shimo kinaweza kuwekewa kiti cha mbao, na fundi seremala yeyote wa Mwanjelwa anakimudu, ila kiwekwe sponji iliyofungwa kwa plastiki, maana mbao tupu ni kidonda. Ubao wa kuhamia kutoka kitandani usuguliwe hadi uwe laini kabisa. Namba ya simu ya mtu wa kumpigia, zahanati iliyo karibu, dalili za presha kupanda: viandikeni kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, kwenye karatasi itakayobandikwa ukutani kwake.

Mimi mzee wenu,
mstaafu wa fiziotherapia, Mbeya