Shemeji, usiende Maseno kama mkaguzi

Shemeji,

Dada ameniambia unajiandaa kutoka Voi uende ukamwone binti yenu chuoni Maseno, na kwamba tayari una orodha ya ofisi utakazoingia: ya karo, ya mabweni, ya mkuu wa kitivo. Nakuandikia hadharani kwa sababu wazazi wenye orodha kama hiyo ni wengi. Kijana wangu yuko mwaka wa nne palepale, na nimekwenda nikajionea. Orodha iache nyumbani.

Njia haina shida. Ukishuka Kisumu, panda matatu ya Luanda au Busia, zote hupita Maseno. Ni kama kilomita 25. Barabara inapanda na joto la ziwa linabaki chini, kwa hiyo beba sweta. Fika asubuhi, maana mvua ya huko hupenda alasiri, tena yenye radi. Ukimwambia wa boda "Maseno" tu atakuuliza: shule, hospitali au chuo? Shule ni ile ya mwaka 1906, aliyosoma Jaramogi Oginga Odinga. Na ninavyokujua, utataka picha penye alama ya Ikweta, mguu mmoja kaskazini, mwingine kusini. Binti ataona haya, lakini atakupiga hiyo picha.

Chuoni mwache yeye akutembeze. Utamsikia akisema "niko Siriba" kana kwamba ni mji mwingine. Siriba kilikuwa chuo cha walimu. Mwaka 1990 kikaunganishwa na taasisi ya serikali ya mafunzo iliyokuwa jirani, ndipo chuo kikuu kikazaliwa. Tazama maktaba, salimia utakaokutana nao, inatosha. Majengo hayatakwambia mtoto anaishije.

Anakoishi ndiko kwenye habari. Wengi wao hupanga nje ya geti, upande wa Nyawita na Mabungo, chumba kimoja kimoja. Cha kijana wangu kina kitanda, meza, jiko la gesi dogo na mitungi miwili ya njano ya lita 20. Mitungi imeandikwa jina lake kwa rangi ya kucha, kwa sababu penye bomba hubadilishana. Rangi ya nani, sikuuliza. Nilipofunga mlango nikaona nyuma yake ameandika kwa penseli: kodi, tokeni za umeme, maji, unga, kila kitu na tarehe yake, na penye "unga" amekata mara mbili akapunguza. Nikajifanya natafuta pa kutundika mkoba. Hapo nilijua mengi kuhusu mwanangu kuliko ambavyo mkuu wa kitivo angeniambia kwa saa nzima, kama angekuwepo.

Kwa hiyo usifungue sufuria. Usihesabu viatu vilivyo mlangoni. Wenzake wakija kukusalimia, wasalimie vizuri, uliza kwao ni wapi, usiulize matokeo ya mtihani. Pesa usimpe mbele yao. Mtumie kwa simu usiku, ukishaondoka. Gunia la mahindi nalo liache, hana pa kuliweka na panya wa huko hawana mzaha. Bora maharagwe ya Wundanyi, mafuta ya kupikia, na blanketi zito ambalo hatakuomba.

Halafu ondokeni pale. Hili ndilo nataka ulishike. Mchukue mteremke naye Kisumu, mwende Dunga, kando ya ziwa, agiza ngege (tilapia) mzima wa kukaanga, ugali na mboga za kienyeji. Mtoto aliyezoea chapati na maharagwe ya kibandani akiona samaki kama yule ulimi hufunguka wenyewe. Kijana wangu alifika kichwani mwa samaki ndipo akataja somo lililomshinda, na kwamba ameshajiandikisha kulirudia. Sikusema neno. Nilimwongezea ugali.

Bei ya samaki ulizeni kabla hajaingia kwenye mafuta. Mgeni wa Voi wanamjua kwa lafudhi.