Kaka, Nimefika Tabora

Kaka yangu,

Shikamoo. Simu zangu hupokei, lakini wanao wanashinda huku mtandaoni, watakusomea.

Jana jioni nilifika Tabora. Usimtume mtu stendi, sijapanda basi. Nipo Ujiji kwangu, nilikuwa narudi nyumbani kupitia pale kwenye makumbusho ya Livingstone. Nimefika kwenye daftari.

Ilianza na presha. Daktari alitaka nitembee kila siku, nami nikaona haya kuzunguka mitaani na raba kama mtu asiye na shughuli. Mpwa wako akanionyesha kwenye simu kwamba kuna watu wanahesabu hatua zao za kila siku, za sokoni na za kazini, wanazipanga juu ya ramani ya njia fulani ndefu mpaka wanaimaliza bila kutoka mjini kwao. Akataka kuniingiza kwenye ile njia ya Appalachian kule Marekani, zaidi ya kilomita 3,500. Nikamwambia huko namfuata nani? Nipe reli ya babu yako. Kigoma hadi Tabora, kilomita 400 na ushei.

Uvinza, Malagarasi, Nguruka, Usinge, Kaliua, Urambo, Usoke. Si unaisikia sauti ya baba? Na lazima amalizie na reli kufika Tabora 1912 na Kigoma 1914, kama vile yeye ndiye aliyetandika mataruma. Mimi nimezipita zote kwa kilomita tano za kila siku, nyingine nikiwa na beseni kichwani. Nilipofika Uvinza nilinunua pakiti ya chumvi ya kulekule nikaiweka kabatini. Nguruka nilikwama siku tisa kwa mvua. Malagarasi nilicheka peke yangu barabarani, watu wakanitazama. Yule kuku, kaka. Unajua.

Mpwa wako anadhani ni mazoezi. Mimi najua nilikuwa natembelea neno lako.

Siku ya msiba wa baba nilishuka bodaboda baada ya magharibi, miguu imevimba, basi lilipata pancha mbili njiani. Mlikuwa mmeshazika tangu alasiri. Hilo sikulaumu, maiti haicheleweshwi. Ulikuwa umekaa kwenye jamvi na wazee, kikombe cha kahawa mkononi. Hukuniangalia. Uliwaambia wao, "Hata angekuja kwa miguu angekuwa ameshafika." Mtu mmoja akacheka. Nilidhani ni mtani, misiba yetu haikosi watani, nikatafuta la kumjibu. Halafu nikakumbuka kuwa aliyesema ni wewe, na mimi na wewe hatuna utani. Tumenyonya ziwa moja. Kikombe kilikuwa cha kijani, mkono wake umevunjika. Nakiona mpaka leo nikifunga macho.

Wifi ndiye aliyekuwa akinipa maji usiku ule. Mwambie nimemletea migebuka mikavu, itafika na mtu wiki ijayo.

Na wewe tembea. Sukari haiogopi ukubwa wa mtu. Asubuhi kabla jua halijawa kali, nusu saa tu, na hayo mambo ya kupakiwa bodaboda mpaka msikitini uache. Mimi ningekaa tu ningekuwa nimeshaanguka. Lakini sijawahi kukaa tu, hata mwaka ule sikukaa. Nilikuwa na mkopo wa kikoba, watu ishirini wananisubiri, na dagaa ndiyo kwanza wanatoka. Uliponipigia mara ya kwanza nikakujibu, "Giza likiisha nakuja." Huku giza ni zile wiki mwezi haupo, ndizo wavuvi wanazoingia ziwani na taa. Likiisha unaanika, unauza, unalipa. Kila mtu Kibirizi angenielewa.

Wewe mtu wa nchi kavu ukadhani nasema usiku ule. Wifi kaniambia mwaka huu tu: kesho yake ulikwenda stendi kunipokea, na keshokutwa ukaenda tena.

Kwa nini hukuniambia?

Nilitaka kukuonyesha hesabu. Kwa mwendo wangu wa kilomita tano ni siku 80, kwa hiyo neno lako lilikuwa la uongo, na nilitaka useme hivyo mbele ya wazee walewale. Hata Stanley na wapagazi wake wote alitoka Tabora Septemba 1871 akaingia huku Ujiji Novemba. Nikamwambia mpwa wako hivyo, kwa kujisifu. Yeye na masomo yake akanijibu kwamba Stanley alizungushwa kusini na vita vya Mirambo, yule mtemi wa Urambo. Basi nikanyamaza. Nilikuwa nimeshaipita Urambo wiki hiyohiyo. Mimi Mirambo hakunizuia.

Mpagazi wa Kinyamwezi, na mzigo wake begani, alikuwa anakwenda kilomita 15 au 20 kwa siku akiwa hana vita mbele. Weka 16. Kilomita 400 ni siku 25. Kutoka simu yako ya kwanza mpaka siku mliyomzika ni siku 31. Giza liliisha, nikaanika, na kabla sijamaliza kuuza giza jingine likaingia, nikasema hili la mwisho.

Siku sita, kaka. Ningemkuta bado anakunywa uji.

Mengine nitakuambia ukipokea. Lakini kuna jambo moja nalitaka sasa. Daftari langu limeishia stesheni. Kutoka stesheni mpaka makaburini ni kilomita ngapi? Sijui, kesho yake ya msiba nilipelekwa asubuhi na bodaboda na sikuwa naona njia. Usiulize mtu, na usipande kitu. Ipime kwa miguu yako, unitumie.