Sabtaito zipimwe kutoka kwenye kochi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vituo vya televisheni na watengenezaji wa gemu kuhusu ukubwa wa sabtaito, yale maandishi ya maongezi yanayotokea chini ya picha. Nyingi ni ndogo mno, na chanzo kinajulikana: anayeziandaa hukaa sentimita 60 kutoka kwenye kompyuta, ilhali mtazamaji yuko mita 3 kutoka kwenye runinga, mara nyingi ya inchi 32.

Tupige hesabu. Kioo cha inchi 32 kina kimo cha sentimita 40 hivi. Fonti ya pikseli 26 kwenye picha ya mistari 1080 hutoa herufi kama "a" na "e" zenye kimo cha milimita 5 tu. Kwa mita 3, hizo zinakaribia mstari wa 6/6 kwenye ubao wa kupimia macho, yaani karibu na kikomo cha jicho lenye afya. Nani atasoma hivyo saa nzima? Na vipi mzee, au mtoto anayehitaji miwani na hana? Kwa gemu, pikseli zisipungue 46 (92 kwa picha ya 4K), na mchezaji apewe nafasi ya kuzikuza kabla maongezi ya kwanza hayajaanza. Kwa televisheni, mwongozo wa BBC hukadiria kimo cha mstari kuwa asilimia 8 ya kimo cha picha, tuuige.

Ni salama zaidi kufikiri kwa asilimia, maana namba tupu hudanganya. Katika faili la ASS (aina mojawapo ya faili za sabtaito), Fontsize, yaani ukubwa wa fonti, ya 20 penye PlayResY, yaani kimo cha picha ambacho fonti hupimwa nacho, ya 288 ni karibu asilimia 7 ya kimo cha picha. Badilisha PlayResY iwe 1080 bila kugusa fonti, herufi zinashuka chini ya asilimia 2. Watu hulaumu runinga, kumbe kosa liko kwenye mstari huo mmoja wa faili.

Kinachoniuma zaidi ni kupunguza fonti ili tafsiri ndefu ienee. Kikomo kinachofaa ni mistari miwili, herufi 42 kwa mstari pamoja na nafasi. Neno moja kama "wasingetusindikiza" linakula 18, kwa hiyo kishawishi ni kikubwa. Dawa ni kukata maneno. "Mimi nilikuwa nimekwisha kukuambia kwamba usije hapa" ni herufi 52. "Nilishakuambia usije hapa" ni 25, na ndivyo tunavyosema. Mistari miwili iliyojaa ikae kiooni sekunde 5, kwa mwendo wa herufi 17 kwa sekunde. Wala mstari usiishie kwenye "ya", "kwa" au "na". Neno dogo kama hilo lishuke pamoja na neno linalolifuata.

Rangi nayo. Maandishi meupe juu ya kanzu nyeupe hupotea hata yakiwa makubwa. Ukingo mweusi mwembamba husaidia kwenye picha ya HD, lakini king'amuzi cha kawaida, chenye picha ya mistari 576 tu, huufuta, na fonti nyembamba hukatikakatika. Wekeni kisanduku cheusi kinachopitisha picha kidogo, na fonti nene isiyo na mapambo. Acheni asilimia 5 ya kimo cha picha chini kabisa, kwani runinga nyingine hukata kingo. Kituo kinachopitisha mkanda wa matangazo chini ya kioo kipandishe sabtaito juu yake. Sasa hivi mkanda huufunika mstari wa pili, na kiziwi anabaki na nusu ya sentensi.

Kabla ya kurusha kipindi, zimeni sauti, mkae mita 3 kutoka kwenye runinga ya inchi 32 iliyounganishwa na king'amuzi cha kawaida, na asome mtu ambaye hajauona mswada. Ifanyike mapema, kwani sabtaito zikishaunganishwa na picha, mtazamaji hana rimoti ya kuzikuza.

Mtayarishaji wa sabtaito,
Dar es Salaam