Nikitetemeka sijui ni sukari imeshuka au ni hofu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina miaka 36, nimeolewa na nina watoto wawili. Nina kisukari aina ya kwanza tangu 2011. Insulini, dawa ya kushusha sukari, najichoma asubuhi na jioni, na sindano haijawahi kunitisha.

Kilichoniharibia ni jioni moja mwaka jana. Nilikuwa nimeshachoma, chakula kiko jikoni, akaja mteja kujaribu gauni la harusi. Nikasema nimmalize kwanza. Nakumbuka nilikuwa nabana pini kiunoni, vidole vikawa vizito, kisha sikumbuki kitu. Nilizinduka nimelala juu ya vitambaa, nguo imelowa jasho, jirani ananipaka asali kwenye ufizi. Kipimo cha sukari kikasoma 2.6, chini mno. Mwanangu mdogo alikuwa amesimama mlangoni na begi lake la shule, analia bila sauti.

Tangu siku ile, Shangazi, sina amani. Niko kwenye cherehani, ghafla moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, jasho jembamba linanitoka, mshono unakwenda upande. Nakimbilia kipimo: 8.1. Yaani sukari haijashuka, ni hofu tu. Juzi nikajiambia, haya ni yale yale, nikaendelea kushona. Moyo ukakataa, nikapima: 3.2! Ningepuuza ningeanguka tena. Nesi mmoja aliwahi kunieleza kwamba sukari ikishuka mwili unamwaga homoni ile ile inayotoka mtu akishtuka, ndiyo maana dalili zinafanana. Nilimwelewa, lakini kuelewa hakujanisaidia nikiwa peke yangu saa nane usiku.

Boksi la stripu 50 za kupimia sukari sasa halimalizi wiki. Pesa ikikata sipimi, nakunywa soda kila nikitetemeka. Usiku nakula mara mbili nisije nikashuka usingizini.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Ninapunguza insulini. Nimeandikiwa uniti 24 asubuhi na 12 jioni. Mimi nachoma 16, na jioni 6, siku nyingine naacha kabisa. Naamka na sukari 15, kiu, macho yana ukungu, lakini nimeamka. Kliniki iliyopita kipimo cha wastani wa miezi mitatu kilitoka asilimia 10.2. Daktari alinisema mbele ya wagonjwa wenzangu kwamba nakula hovyo, akaniongezea dozi. Nikanyamaza. Nikifika nyumbani nikaiona ile dozi mpya, hofu ikazidi, nikapunguza tena. Najua naziweka hatarini figo na macho yangu. Najua pia kwamba wasiwasi wenyewe unapandisha sukari. Kila ninapogeuka nakutana na kitu kile kile.

Mume wangu ni mtu mwema, ila anasema nina mawazo mengi, nipumzike. Mama mkwe anataka nisomewe. Dua sizikatai, naziomba kila siku. Lakini naona hili ni sehemu ya ugonjwa, na kliniki hakuna aliyewahi kuniuliza kama naogopa. Wanauliza nimekula nini, wanaangalia miguu, wanaandika dawa.

Shangazi, naomba unisaidie kwa mambo haya. Namwambiaje daktari kwamba nilimficha, bila kuonekana mkaidi na kufokewa tena? Naweza kumwomba tuanze na dozi ndogo, tupandishe polepole, au mgonjwa hana haki ya kusema hivyo? Na hofu hii ina mtaalamu wake, au niende wodi ya wagonjwa wa akili? Nikisikia neno hilo naona mtaa mzima utanisema. Kama kuna msomaji aliyewahi kuanguka kama mimi na leo analala usingizi, naomba aniambie alifanyaje.

Kliniki yangu ni Jumanne baada ya wiki mbili. Leo jioni nimechoma uniti 8.

Fundi, Morogoro